GnuCash, HomeBank, Actual au Firefly: ipi itasoma taarifa za benki yako na za M-Pesa?

Mtu akiniomba nimshauri programu ya hesabu za nyumbani, huwa namrudishia swali: benki yako inakupa faili gani? Wengi hawalitarajii. Wamekwisha kutazama picha za programu, wamependa chati zake, lakini hawajawahi kuingia kwenye tovuti ya benki yao kuona kile kitufe cha kupakua taarifa kinatoa kitu gani. Na kazi hukwamia hapo hapo. Programu isipoweza kusoma unachopewa na benki, utabaki kuandika miamala kwa mkono, mmoja mmoja, na sijaona mtu aliyeendelea na kazi hiyo mwaka mzima.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu hapa Mombasa, na nyumbani pia kalamu ya hesabu iko kwangu. Pesa zetu zinapita benki mbili, M-Pesa, na mfukoni. Kwa miaka kadhaa nimezitumia programu nne ninazozilinganisha hapa: GnuCash, HomeBank, Actual Budget na Firefly III. Zote ni za bure, msimbo wake uko wazi, na hazimilikiwi na benki yoyote. Nimejifunga kwa hizi kwa sababu faili la hesabu linakaa kwako. Waliokuwa wamehifadhi hesabu zao zote ndani ya Mint, huduma ya bure ya kampuni ya Intuit kule Marekani, walishuhudia ikifungwa mwaka 2024. Waliozoea Microsoft Money walipata habari kama hizo mwaka 2009. Hesabu za miaka kumi za familia ni mali, na mali haiwekwi mahali ambapo mwenye nyumba anaweza kubadili kufuli bila wewe kuulizwa.

Faili kwanza, programu baadaye

Faili bora kuliko yote ni OFX, mpangilio uliobuniwa mwaka 1997 na Microsoft, Intuit na CheckFree. Ubora wake ni kwamba kila muamala hubeba kitambulisho chake chenyewe. Ukiingiza faili la Januari leo na ukalirudia kesho kwa kusahau, programu inaitambua ile miamala na kuiruka. QFX ni OFX ile ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Quicken, programu ya kulipia ya hesabu, na programu hizi huria nyingi huisoma bila shida. QIF ni kongwe zaidi. Haina kitambulisho, wala haikwambii kama 03/04 ni tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi, kwa hiyo ukiingiza faili la QIF kagua tarehe kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha kuna CSV, maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, ambayo kila benki huyapanga inavyotaka. Wenye akaunti za kampuni waulizie MT940, mpangilio wa SWIFT, mtandao wa mawasiliano ya benki duniani, au CAMT.053 iliyokuja kuirithi. Mara nyingi benki huwa nayo ila haiwatangazii wateja wadogo.

Mteja wa kawaida wa Nairobi au Dar es Salaam kwa kawaida hupata PDF, na akibahatika Excel au CSV. Hiyo Excel nayo huja na nembo juu, jina la tawi, anwani, mistari minane ya maelezo, seli zilizounganishwa, kisha jedwali, kisha onyo la kisheria chini. Kiasi kimeandikwa 1,250,000.00 pamoja na koma zake. Debiti iko safu moja na krediti safu nyingine. Kwa hiyo tunapolinganisha programu kwa matumizi yetu, swali la OFX tunaliweka kando na kuuliza: ipi inavumilia CSV chafu?

| Programu | Faili inazosoma | Kuunganishwa na benki moja kwa moja |
|---|---|---|
| GnuCash | OFX, QFX, QIF, CSV, MT940 | FinTS ya Ujerumani |
| HomeBank | OFX, QFX, QIF, CSV ya mpangilio wake | Hakuna |
| Actual Budget | OFX, QFX, QIF, CSV, CAMT.053 | GoCardless kwa Ulaya, SimpleFIN kwa Marekani |
| Firefly III | CSV, CAMT.053 | GoCardless, Salt Edge |

Safu ya tatu, yenye majina ya njia na huduma za kuchukua miamala benki bila faili, haina faida kwa anayeishi Afrika Mashariki na akaunti zake zote ziko huku. Nitaigusa baadaye kwa ajili ya ndugu walio ng'ambo.

M-Pesa ndiyo mtihani wenyewe

Benki inaweza kuwa na miamala kumi na tano kwa mwezi. M-Pesa ya mtu mmoja tu ina mia mbili. Ukishaweza kuingiza M-Pesa, benki ni kazi ya dakika tano, ndiyo maana nalikawilia jambo hili.

Taarifa ya Safaricom kwa mteja binafsi huja kwa barua pepe kama PDF iliyofungwa kwa nenosiri. Kwanza ifungue kwa nenosiri ulilotumiwa, kisha hifadhi nakala isiyo na kufuli. Qpdf, programu ndogo ya kushughulikia PDF, hufanya hivyo kwa amri moja. Kuligeuza jedwali kuwa CSV natumia Tabula, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako. Tafadhali usiipeleke taarifa yako kwenye tovuti hizi zinazojitangaza kugeuza PDF bure. Ndani ya karatasi hizo mna majina na namba za simu za kila mtu uliyemtumia pesa, na wao hawakukupa ruhusa ya kuzigawa.

Utapata safu za namba ya risiti, muda, maelezo, hali ya muamala, Paid In (kilichoingia), Withdrawn (kilichotoka) na salio. Maelezo marefu hukatika yakaingia mstari wa pili, kwa hiyo mstari wowote usio na namba ya risiti ni mkia wa ule ulio juu yake. Uunganishe au uufute. Muda huja pamoja na saa, nawe unahitaji tarehe peke yake, basi katika LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali kama Excel, chukua herufi kumi za mwanzo. Halafu itazame safu ya Withdrawn: je, kiasi tayari kina alama ya kutoa (-)? Ukikosea hapo, kila matumizi yatageuka mapato.

Sasa lililo zito. Namba ya risiti inaonekana kama kitambulisho kamili, mfano wa kile cha OFX, na kwa nusu ni kweli. Lakini ukimtumia mtu pesa, ada ya kutuma huandikwa mstari wake peke yake ukiwa na namba ile ile ya risiti. Ukilipa kwa Paybill, namba ya malipo ya biashara, yenye ada, vivyo hivyo. Ukiingia Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, mstari wa mkopo nao hubeba namba ya muamala uliousababisha. Kwa hiyo ukiiambia programu "risiti ikijirudia, ruka", itaruka ada zako zote. Mwisho wa mwezi salio halitalingana, na hutajua kwa nini, kwa sababu kinachokosekana ni shilingi saba hapa na kumi na tatu pale. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuingiza, ongeza neno "-ada" mwishoni mwa namba ya risiti kwenye kila mstari wa ada, na "-fuliza" kwenye mistari ya Fuliza. Tangu hapo kila mstari una jina lake.

Shida ya pili ni pesa inayohama. Ukitoa 40,000 benki kwenda M-Pesa, benki inaandika imetoka, M-Pesa inaandika imeingia. Mwezi wangu wa kwanza wa kufanya kazi hii, kitabu kilionyesha tumepata 40,000 ambazo hatukuzipata na tumetumia 40,000 ambazo hatukuzitumia. Mume wangu aliniuliza mapato hayo yametoka wapi, nikakosa jibu. M-Shwari, akaunti ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2012, huleta mkanganyiko huo huo: kuweka akiba kunaonekana kama matumizi. Tofauti kubwa kati ya programu hizi nne iko hapa, katika namna zinavyoishughulikia pesa inayohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

GnuCash

GnuCash imekuwapo tangu mwaka 1998 na inatumia maingizo mawili, kama tulivyofundishwa darasani na kama mhasibu yeyote anavyofanya: kila shilingi inatoka mahali na kwenda mahali. Ukiingiza faili la benki na kuzielekeza zile 40,000 kwenye akaunti ya M-Pesa, tayari zimeandikwa pande zote mbili. Ukija kuingiza faili la M-Pesa, inaziona pale, inapendekeza kwamba huu ndio muamala ule ule, na badala ya kuongeza mpya inauthibitisha uliopo. Mimi naiamini zaidi kwa jambo hili moja kuliko kwa mengine yote.

Kwa CSV chafu ni mvumilivu. Unaiambia iruke mistari mingapi mwanzoni na mingapi mwishoni, tarehe iko katika mpangilio gani, koma ni ya maelfu au ya desimali, na safu ipi ni kiasi kinachoingia na ipi ni kinachotoka. Kisha unauhifadhi mpangilio huo kwa jina. Mimi nina mipangilio mitatu, mmoja wa kila benki na mmoja wa M-Pesa. Inajifunza pia: ukishaielekeza mara chache kwamba maelezo yenye KPLC huenda kwenye akaunti ya umeme, huanza kupendekeza yenyewe. Na shilingi ya Kenya, shilingi ya Tanzania, dola na euro zinakaa kitabu kimoja bila kugombana.

Ugumu wake ni siku za mwanzo. Sura yake ni ya daftari la mhasibu, na asiyewahi kuona orodha ya akaunti hupotea. Mpe wiki mbili mtu wa namna hiyo, na ikiwezekana mkae naye siku ya kwanza. Akianza peke yake, huenda asirudi tena.

KMyMoney ni ndugu yake wa karibu, inasoma faili karibu zile zile, na sura yake inamkaribisha mgeni zaidi. Anayetumia Linux na kuiona GnuCash ni kavu, aijaribu.

HomeBank

HomeBank ni rahisi kuliko zote na chati zake zinasomeka. Kompyuta ya zamani ya kumbukumbu ndogo inaiendesha bila kulalamika. Benki ikikupa OFX au QIF, sina sababu ya kukuzuia.

CSV ndiyo taabu. HomeBank haikuulizi safu ipi ni ipi. Inataka safu nane kwa mfuatano wake: tarehe, namna ya malipo kwa tarakimu, namba, mlipwaji, maelezo, kiasi, kundi na lebo. Kiasi ni safu moja yenye alama ya kutoa kwa matumizi. Maana yake kila mwezi, kabla ya kuingiza, wewe ndiwe wa kulipanga faili la benki upya. Ukijua Calc, tengeneza karatasi moja yenye fomula na uwe unabandika data mpya juu yake, utamaliza kwa dakika kumi. Usipojua Calc, HomeBank itakuchosha. Pesa zinazohama pia ni lazima uziambie kuwa ni uhamisho wa ndani, la sivyo zitahesabiwa mara mbili kama zile 40,000 zangu.

Actual Budget

Actual ilianza kama bidhaa ya kulipia, na mwaka 2022 mwenyewe akauweka msimbo wazi. Haikuundwa kwanza kwa ajili ya kuandika yaliyopita. Iliundwa kwa ajili ya kupanga: pesa ikiingia unaigawa kwenye bahasha, hii ya karo, hii ya kodi, hii ya unga, na unatumia kilichomo bahashani tu. Mama yangu alifanya hivyo kwa vitambaa vilivyofungwa fundo, kwa hiyo nilipoiona sikuhitaji maelezo.

Kuingiza CSV ndani yake ni raha. Inakuonyesha faili na kukuuliza safu ipi ni tarehe, ipi ni mlipwaji. Ina chaguo la kutenganisha kinachoingia na kinachotoka, la kugeuza alama, la kuruka mistari ya juu. Mtu asiyejua uhasibu anaimaliza ndani ya nusu saa.

Lakini shika mambo mawili. CSV haina kitambulisho, kwa hiyo Actual hutambua marudio kwa kulinganisha kiasi, tarehe zilizokaribiana na jina la mlipwaji. Mtu anayelipa matatu ile ile shilingi 100 asubuhi na 100 jioni, siku tano kwa wiki, aikague orodha kabla ya kukubali, hasa akiwa tayari ameandika baadhi kwa mkono. La pili, kitabu kimoja hakichanganyi sarafu. Mwenye mshahara wa euro na kiwanja anachokilipia kwa shilingi atalazimika kushika vitabu viwili, na kati ya vitabu hivyo pesa inaweza kupotea bila mtu kuona.

Firefly III

Hii ni ya mwenye seva, yaani kompyuta inayobaki imewashwa kuhudumia nyingine, au mwenye kijana nyumbani anayependa seva. Inaendeshwa kwa kivinjari, inahitaji hifadhidata, na kazi ya kuingiza faili inafanywa na programu ya pili inayosimama kando yake. Ukishaisimamisha ina nguvu sana: kanuni zake za kupanga miamala ni bora kuliko za hizi nyingine tatu, na watu wawili mnaweza kuifungua kila mmoja kwenye simu yake. Kwa chama hilo lina maana, maana katibu huweza kuona anachokiona mweka hazina.

Ukifika kwenye swali la kutambua marudio, inakupa njia mbili: kwa kitambulisho au kwa yaliyomo kwenye mstari mzima. Kwa M-Pesa chagua yaliyomo, isipokuwa kama umekwisha kuongeza yale maneno ya "-ada" na "-fuliza". Ukichagua kitambulisho kwa faili lisilosafishwa, ada zitaachwa nje.

Nisingempa mtu asiye na mazoea ya kuhifadhi nakala. Seva ikifa bila nakala, imekwenda na hesabu.

Kwa walio Ulaya na Marekani

Kule benki zina milango ya programu. Ujerumani ina FinTS, itifaki ya miaka mingi, na GnuCash huitumia kupitia maktaba iitwayo AqBanking: unaingiza namba yako ya siri kwenye kompyuta yako, na miamala inashuka kutoka benki bila mtu wa kati. Katika Umoja wa Ulaya sheria ya PSD2, iliyoanza kutumika Januari 2018, inailazimu benki kumfungulia mlango mtoa huduma mwenye leseni mteja akiridhia. Ridhaa hiyo ina muda. Ilikuwa siku 90, sasa ni 180, kisha unathibitisha tena.

Actual na Firefly zilipitia mlango huo kwa huduma ya bure ya Nordigen, iliyonunuliwa na GoCardless mwaka 2022. Mwaka 2025 GoCardless iliacha kupokea watumiaji wapya wa huduma hiyo. Waliokuwa ndani wanaendelea, anayekuja leo anakuta mlango umefungwa. Marekani kuna SimpleFIN, ambayo bei yake iliyotangazwa ni dola 1.50 kwa mwezi au 15 kwa mwaka, na inatoa ruhusa ya kusoma tu.

Kwa ndugu aliye Hamburg au Minneapolis mwenye akaunti kule na M-Pesa huku, ushauri wangu ni GnuCash. Sababu ni sarafu: euro, dola na shilingi zikikaa kitabu kimoja, pesa anazotuma nyumbani zinaonekana zilipotoka na zilipofikia.

Programu za simu zinazosoma ujumbe mfupi

Zinavutia, kwa sababu benki zetu na M-Pesa hutuma ujumbe kwa kila muamala. Lakini ujumbe huo huo ndio unaobeba namba za kuthibitisha za benki, na Google ilibana ruhusa ya kusoma jumbe kwenye duka lake kuanzia 2019 kwa sababu ya hatari hiyo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina yake ya 2022. Zote zinakupa haki ya kuuliza data yako inakwenda wapi. Uliza kabla ya kusakinisha. Na programu yoyote inayokuomba nenosiri la benki pamoja na namba ya uthibitisho ili "iunganishe" akaunti kwa niaba yako, iache.

Nani achague nini

Mwenye akaunti za benki, M-Pesa, M-Shwari na Fuliza kwa pamoja, GnuCash. Ndiyo ninayoitumia kwa nyumba na kwa chama, na siku hizi kazi yote ya mwezi ni kama saa moja na robo. Anayetaka hasa kujizuia kutumia, mwenye sarafu moja, Actual. HomeBank kwa ambaye benki yake inatoa OFX au QIF, au anayeijua Calc vizuri. Firefly kwa kundi lenye mtu wa seva.

Kabla ya kuamua, pakua taarifa ya mwezi mmoja tu kutoka kila mahali ulipo na pesa, uingize, kisha linganisha salio la mwisho. Taarifa ya M-Pesa ina muhtasari juu wenye jumla ya kilichoingia na kilichotoka. Namba mbili hizo zilingane na za programu yako hadi senti. Fanya hivyo hivyo miezi miwili mfululizo, kwa sababu benki hubadili mpangilio wa faili bila kumtangazia mteja. Benki yangu moja iliongeza safu katikati ya mwaka, na tarehe zikaanza kusomwa kama kiasi. Salio likikataa, anza kutafuta kwenye mistari ya ada, kisha pesa zilizohama kati ya akaunti, kisha tarehe ya mwisho wa mwezi ambapo muamala wa usiku umeandikwa na benki siku iliyofuata.